Maua Niliyotoa na Maana Zilizofika

Elibariki Kweka,
Nyuma ya duka la makochi,
Mtoni, Temeke.

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Familia.

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MAKALA YENU KUHUSU LUGHA YA MAUA, NA YALIYONIPATA KWA KUIAMINI

Kwanza nakuomba ukae, maana barua hii ni ndefu na mimi ni karani wa masijala. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu imekuwa kupokea barua za watu wengine, kuzigonga muhuri na kuziweka kwenye jalada linalostahili. Ya kwangu mwenyewe sijawahi kuandika. Ukiona mahali nimepiga mstari pasipostahili, ujue ni ugeni.

Nina miaka arobaini na saba na sijaoa. Niliwahi kuchumbia mara moja, nikachelewa kwenda kujitambulisha kwa sababu nilikuwa nangoja suti itoke kwa fundi. Suti ilipotoka, binti alikuwa ameshaolewa na ana mtoto anayetambaa. Nakwambia mapema ili ujue unashughulika na mtu wa namna gani.

Makala yenu ilitoka Jumamosi ya kwanza ya Februari. Nilikuwa kwa kinyozi nangoja zamu, gazeti liko juu ya benchi, nikasoma kwamba ua ni barua isiyohitaji maneno. Mliweka na jedwali. Waridi jekundu ni mapenzi. La njano ni urafiki. Jeupe ni moyo safi na kuomba radhi. Mawaridi kumi na mawili ni ombi kamili. Hadi mkono wa kutolea mliuandikia maana yake. Mtu mwingine angecheka akageuza ukurasa wa michezo. Mimi nilipoona jedwali, tena lenye namba, nilimwomba kinyozi ruhusa, nikachana ukurasa na kuutia mfuko wa shati. Maisha yangu yote nimekuwa nikitafuta namna ya kusema jambo bila kulisema.

Jambo lenyewe linamhusu Mwalimu Atuganile, na sioni haja ya kulifafanua zaidi. Ni mzaliwa wa Rungwe, mjane wa mwaka wa sita, anafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi moja hapahapa Temeke. Katika kwaya ya kanisa letu yeye ni sauti ya pili na mimi ni bezi, nasimama nyuma yake. Nimesimama hapo miaka kumi na mmoja. Kisogo chake nakijua kuliko picha yangu ya kitambulisho.

Sasa nayaorodhesha malalamiko.

1. KUHUSU JEKUNDU

Nilikwenda Kinondoni kwa wale wauza maua wa kando ya barabara, nikanunua mawaridi mekundu kumi na mawili. Muuzaji aliniuliza kama ni ya harusi au ya msiba. Nikamjibu kwamba bado haijajulikana. Nikavuka nayo jiji hadi Temeke, nimeyakumbatia kama mtu aliyebeba kuku wa kutoroka.

Getini pa shule nilimkuta mlinzi, Rogers. Nilimwambia, "Mpe Mwalimu Atu." Hapa lazima nikiri kosa langu. Sauti ya bezi ikipata hofu haitetemeki, inashuka tu, na yangu ilishuka nilipofika kwenye jina. Rogers akasikia "Mwalimu Mkuu." Kadi sikuweka, kwa kuwa nyinyi mlisema ua halihitaji maneno.

Mwalimu Mkuu ni Mwalimu Demetria, mama wa Kihaya anayestaafu mwezi wa sita. Watoto humwogopa kuliko sindano. Nilikuwa nimevuka barabara kwenda kunywa soda ili moyo utulie, nikamwona anakuja, mawaridi yote kumi na mawili yako mikononi mwake, Rogers anamwonyesha nilipo kwa kidole. Nikajua nimekwisha, nitaulizwa mbele ya shule nzima.

Hakuniuliza kitu. Alisimama mbele yangu akasema, "Nimefundisha miaka thelathini na minne. Nimepewa vitenge, nimepewa sufuria, nimepewa kuku. Ua sijawahi." Kisha akalia, palepale kwenye meza ya soda, wanafunzi wamejipanga ukutani wanatazama.

Ndugu Mhariri, wewe ungesema nini? Mimi nilisema, "Unastahili, Mwalimu." Na lilikuwa neno la kweli, maana mtu wa kukaa miaka thelathini na minne na watoto wa watu bila kupewa ua anastahili bustani nzima.

Jumapili iliyofuata, katikati ya mazoezi, Mwalimu Atuganile aligeuka. Kwa miaka kumi na mmoja hajawahi kugeuka. Aligeuka akaniambia, "Kaka Eli, umefanya jambo jema sana kwa Mwalimu Mkuu. Mungu akubariki." Yaani niliyemkusudia alinipongeza kwa kuwapa wengine. Tangu hapo Mwalimu Demetria hunitumia salamu kila wiki, na mara mbili senene, wale panzi wa kwao, waliokaangwa, na anayeniletea ni Mwalimu Atuganile mwenyewe.

2. KUHUSU NJANO

Jirani yangu Twaha ni fundi makochi, mzaliwa wa Mtoni, na baba yake, na babu yake. Tunagawana ukuta mmoja na tumegawana miaka kumi na tisa. Mama yangu alipofariki kule Siha, Twaha alifunga duka akaja na mimi hadi mlimani, mtu ambaye baridi alikuwa anaisikia redioni tu. Alilala chini na waombolezaji wiki nzima, amejifunika kitambaa cha kochi alichokuja nacho. Sina ndugu wa tumbo moja. Ninaye Twaha.

Katikati ya Februari alipasuliwa ngiri pale hospitali ya Mwananyamala. Nikatoa jedwali lenu: urafiki, njano. Nikanunua maua ya njano, na ili yapendeze nikaomba nizidishiwe majani mabichi.

Mpira mimi sifuatilii. Ningekuwa nafuatilia, ningekumbuka kwamba Twaha ni Simba tangu tumboni, na kwamba njano na kijani ni Yanga. Niliingia wodini nimeibeba Yanga nzima mkononi, katika wiki ambayo Simba haikuwa na raha. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mguu wake umetundikwa juu, alianza kupiga makofi. Wa pili akataka nitolewe. Twaha alianza kucheka, na kucheka ndiko alikokatazwa na daktari. Alijishika tumbo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, akasema, "Eli, toka. Utaniua." Muuguzi akaniomba kwa upole nitoke na jezi yangu. Nikamwachia maua yule wa mguu.

Mkewe Twaha, shemeji yangu Hamida, alinieleza baadaye kwamba kwa sababu ya kicheko kile mshono ulimuuma mwenzake usiku tatu mfululizo, na yeye hakulala. Hakuniambia kwa ubaya. Lakini mimi nikilaumiwa hata kidogo hutafuta jedwali.

3. KUHUSU JEUPE

Hili naomba ulisome ukiwa peke yako.

Jeupe, mlisema, ni moyo safi na kuomba radhi. Mawaridi meupe Mtoni hayapatikani, ila sokoni alasiri hukaa bibi mmoja, Bi Mwanakombo, na ungo wake wa asmini nyeupe kabisa. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza nataka maua ya mama wa nyumbani, nimemkosea. Mimi nilikusudia shemeji Hamida, mama wa ile nyumba niliyoiudhi. Bi Mwanakombo akaelewa mke wangu. Alitabasamu, akazifunga asmini pamoja na majani ya mrehani yanayonukia, akanyunyiza marashi, akaviringisha kwenye jani la mgomba na kunitakia heri. Aliniambia, "Mpe mwenyewe, mkononi. Atakusamehe tu, baba."

Nilikwenda Ijumaa baada ya swala, Twaha amesharudi nyumbani, na ndugu zake wamekuja kumwona mgonjwa. Dada yake mkubwa, Najat, alikuwepo, na mashangazi watatu. Nikapita katikati yao, nikapiga goti nusu, nikamkabidhi shemeji Hamida kile kifurushi kwa mikono miwili, na kwa sauti ambayo siku hiyo, kwa bahati mbaya, haikushuka hata kidogo, nikasema, "Shemeji, hiki ni chako. Naomba unisamehe kwa yale ya usiku."

Nilimaanisha mshono.

Dada Najat alikichukua kile kifurushi, akalifungua jani, harufu ikajaa chumba. Akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba, kwamba kile kinaitwa kikuba, kwamba mke hukivaa kwa ajili ya mumewe mlango ukishafungwa, na kwamba mwanamume hamletei kikuba mke wa mtu, wala mbele ya mashangazi wala kwingine. Mimi ni mtu wa migombani, Ndugu Mhariri. Kwetu asmini tunaijua kwenye sabuni.

Nikatoa ukurasa wenu ili nijitetee. Dada Najat akausoma kwa sauti. Nilikuwa nimesahau kwamba pale kwenye jeupe mliongeza maneno mengine mawili: "mwanzo mpya."

Twaha alikuwa amelala kwenye kochi, hakuinuka. Alisema tu, "Eli, nenda nyumbani." Nyumbani kwangu ni hatua nane kutoka mlangoni kwake. Sijawahi kwenda safari ndefu kama ile.

Siku kumi na mbili hatukusemeshana. Kila alfajiri Twaha alikuwaga ananigongea ukuta kuniamsha, na mimi saa ya mezani sikuwahi kununua kwa sababu nina Twaha. Ukuta ukanyamaza. Nilichelewa kazini mara mbili. Kwenye kijiwe cha kahawa wakaanza kuniita Bwana Asmini, nikaacha kupita njia ile. Lakini aibu haikuniuma kama ukuta. Nililala macho wazi nikifikiri kwamba mtu aliyelala chini kwenye msiba wa mama yangu sasa anaamini nilimtazama mkewe.

4. KUHUSU MLICHOSAHAU

Katika jedwali lenu mna maua arobaini, likiwemo tulipu, ambalo mimi na wewe hatujakutana nalo. Sale halimo. Sale si ua, ni jani refu la kijani ambalo kwetu mlimani tunalipanda kuonyesha mipaka. Mtu akikosa kabisa, pale ambapo maneno yamekwisha, hulibeba jani la sale mpaka kwa aliyemkosea, na aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Mama yangu alinifundisha hilo nikiwa na miaka sita. Nikiwa na arobaini na saba sikulifikiria, kwa sababu halikuchapishwa.

Siku ya kumi na mbili nililiona limepandwa kama pambo mbele ya nyumba moja ya wageni barabara ya Kilwa. Nikaomba ruhusa, nikakata moja. Nikaenda dukani kwa Twaha. Alikuwa ameshaanza kazi ndogondogo, anajaza sponji kwenye mto wa kochi. Nikasimama mbele yake nimelishika jani kwa mikono miwili.

Alilitazama jani muda mrefu. Kisha akauliza, "Hili nalo limo kwenye lile gazeti lako?"

Nikamwambia halimo.

"Basi afadhali," akasema. Akalipokea, akalilaza juu ya cherehani. Halafu akaendelea, "Lakini kule kwenu, wale binamu zako walipopatanishwa siku ya kumaliza tanga la mama yako, nililiona jani lina mbuzi. Mbuzi wangu yuko wapi?"

Nilikuwa nimesahau kwamba aliyaona hayo. Tulicheka mpaka akashika tena tumbo. Mbuzi nimemwahidi Idi ijayo. Akaniambia kwamba hakuwahi kunidhania ubaya na mkewe hata dakika moja. Kilichomuuma ni kwamba nilimwaibisha mbele ya dada yake na mashangazi, kisha nikarudi nyuma ya ukuta nikanyamaza siku kumi na mbili nikingoja yeye aanze. Kesho yake ukuta uligongwa alfajiri. Nilifurahi kiasi kwamba nililala tena, nikachelewa kazini mara ya tatu.

5. KUHUSU MKONO

Hili ni fupi. Alhamisi ya wiki iliyopita, kabla ya mazoezi ya kwaya, nilichuma ua moja jekundu kwenye uzio wa kanisa ili nimpe Mwalimu Atuganile. Mimi natumia mkono wa kushoto, na nyinyi mliandika kwamba ua likitolewa kwa kushoto maana yake ni "hapana." Nikawa nalihamishia kulia, kulia kuna kitabu cha nyimbo, kitabu kikaanguka, ua likaenda chini ya kiatu cha mwalimu wa kwaya. Nikaliokota, nikampa Mwalimu Atuganile hivyohivyo. Alinishukuru, akaenda kulichomeka kwenye chombo cha madhabahuni. Jumapili mchungaji akamshukuru aliyepamba. Sasa liko kwa Mungu na siwezi kulidai.

Kutokana na hayo, naomba gazeti lako likanushe makala yote. Naomba pia kila ua litakalouzwa liambatane na maelezo yaliyogongwa muhuri, yenye sehemu ya watu wa pwani, sehemu ya watu wa migombani, na sehemu ya washabiki wa mpira. Mtu aliyevuka miaka arobaini asiuziwe ua bila barua ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili watakaothibitisha kwamba alijaribu kwanza kwa mdomo akashindwa. Hayo yakishindikana, kupeana maua kusimamishwe kuanzia Mtoni hadi Kinondoni mpaka uchunguzi ukamilike, na katika kipindi hicho watu wapeane sukari. Sijawahi kuona kilo ya sukari ikaeleweka vibaya.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa, wafagiaji, na hasa yule aliyechora jedwali, mwambie simchukii. Nisalimie na nyumbani kwako. Twaha anakusalimu. Kinyozi anaulizia ukurasa wake. Shemeji Hamida ameniomba nisimtaje popote katika barua hii, kwa hiyo naomba umsahau.

Ni mimi, msomaji wako niliyesoma kupita kiasi,

Elibariki Kweka.

Nyongeza, baada ya kusaini:

Naomba usishangae wino mwekundu kwenye ukurasa wa pili na wa nne. Si wangu.

Jana Jumapili baada ya ibada Mwalimu Atuganile alipita hapa kuchukua daftari la nyimbo nililokaa nalo. Barua hii ilikuwa mezani. Akauliza ni ya nini, nikamwambia ya kikazi. Akaichukua, akaisoma yote akiwa amesimama, na alipofika mahali nilipoandika "waridi kumi na mbili" alitoa kalamu kwenye mkoba akasahihisha. Pengine alitabasamu, pengine hakutabasamu, sikuwa na ujasiri wa kutazama. Alipomaliza akavuta kiti akakaa.

Akaniambia alijua siku ileile. Rogers alikuwa amemwendea saa ya mapumziko na kumweleza kwamba yule kaka wa kwaya kaleta maua, na kwamba alidhani amesikia Mwalimu Mkuu, lakini wakati wote kaka mwenyewe alikuwa anatazama dirisha la darasa la tatu.

"Nilijua ni yangu," alisema. "Ila Mwalimu Demetria alikuwa ameshayashika na ameshalia. Ulitaka nikamnyang'anye? Nikageuka siku ile kwenye kwaya nikakusemesha, nikasema sasa ataniambia. Wewe ukazidi kugawa maua mtaa mzima."

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, yale mawaridi yalifika. Yalifika siku ya kwanza, kwa maana ileile mliyoiandika, tena yalimfikia hata asiyekusudiwa. Aliyekuwa hajafika ni mimi.

Barua hii ameipa saba juu ya kumi. Nikamuuliza tatu zimekwenda wapi. Akasema, "Kurasa zote hizi, na jambo lenyewe hujaliandika hata mara moja."

Basi nikamwambia. Kwa mdomo, mikono mitupu. Mara ya kwanza sauti ilishuka hadi hakusikia, akaniomba nirudie, nikarudia. Alifunga kalamu yake, akasema kaka yake mkubwa anafika Jumamosi kutoka Tukuyu, na kwamba maneno yale yatafaa zaidi yakisemwa tena mbele yake, na mtu mzima wa upande wangu.

Kwa sababu hiyo nayaondoa malalamiko yote, namba moja hadi tano. Kama ulipanga kutuma mwandishi kunihoji, asije Jumamosi. Twaha amekubali kuwa mshenga wangu, kwa sharti moja tu, kwamba siku hiyo nisishike kitu chochote mkononi, na nimemwapia.

Ila nauliza, Ndugu Mhariri, na hili libaki kati yetu: kwa shemeji anayetoka Tukuyu, mnashauri rangi gani?